ABDULLAH IBRAHIM: MPIGA PIANO ALIYEUPA HESHIMA MTAA WA MANENBERG

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee muziki. Ingawa huyu mzee ninayetaka kumwelezea, siasa ilimfuata mpaka kwenye kinanda, kwa hiyo hatutaikwepa kabisa.

Kwanza niseme nilivyomfahamu, maana mimi sikuanza na jazz hata kidogo. Mwaka 2004 nilikuwa mtu wa hip hop. Kila nikipata jero nakimbilia intaneti kafe, nakaa kwenye benchi nikisubiri mashine, nikiipata natafuta habari za marapa. Siku hiyo nilikuwa namtafuta Jean Grae, rapa wa New York, ambaye kwa mistari wakati ule alikuwa noma. Nikakuta pameandikwa: jina la kuzaliwa Tsidi Ibrahim, amezaliwa Cape Town mwaka 1976, mama ni mwimbaji Sathima Bea Benjamin, baba ni mpiga piano Abdullah Ibrahim. Nikashtuka. Kumbe rapa wa New York ni mtoto wa Afrika!

Nikabonyeza jina la baba. Muziki ukawa unashuka taratibu kama maji ya bomba la kiangazi. Nilipoanza kusikia nilikuwa nimebakiwa na kama dakika moja hivi, halafu muda ukaisha, mashine ikajifunga. Ila ile dakika moja ilitosha kunifanya nirudi kesho yake. Wimbo ule unaitwa Mannenberg, na ndio mhimili wa makala hii.

JAZZ IPI TUNAYOIZUNGUMZIA?

Hapa lazima tuelewane mapema. Kwetu Tanzania ukimtajia mtu mzima neno jazz, atakuambia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz au Dar es Salaam Jazz. Zile zilikuwa bendi za dansi, magitaa mbele, watu wanacheza mpaka alfajiri. Jina la jazz tulilichukua tukalifanya letu.

Jazz ya Marekani ilizaliwa kwa watu weusi wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mpigaji anapewa wimbo kama njia, halafu anaruhusiwa kutoka njiani, anatunga papo hapo mbele ya watu, kisha anarudi. Afrika Kusini waliipenda jazz hii mapema, wakaichanganya na mambo yao. Wakapata marabi, muziki wa kinanda wa kwenye vilabu vya pombe vya Johannesburg, wenye mzunguko mfupi unaojirudia na kujirudia mpaka miguu yenyewe inanyanyuka.

Cape Town nako kulikuwa na ladha yake: nyimbo za kanisani, visomo vya Waislamu, na ngoma za mwaka mpya zinazoitwa ghoema. Neno ghoema wengi hulihusisha na neno letu hili hili, ngoma, kwa sababu watumwa waliopelekwa Cape walitoka Indonesia, India na Madagascar, lakini pia Msumbiji na pwani hii ya Afrika Mashariki. Huyu mzee alikulia katikati ya mchanganyiko huo.

KUZALIWA, NA JINA LA DOLLAR

Alizaliwa Cape Town tarehe 9 Oktoba 1934, akapewa jina la Adolph Johannes Brand. Familia yake ilikuwa ya kanisa la AME, kanisa lililoanzishwa na watu weusi wa Marekani, na nyumbani piano ilikuwepo. Alianza kujifunza akiwa na miaka 7. Akiwa na miaka 15 tayari alikuwa anapiga kwa malipo kwenye bendi za dansi za mjini.

Cape Town ni mji wa bandari, na mabaharia wa Kimarekani walikuwa wanashuka na santuri za jazz. Kijana Brand alikuwa anazinunua kwao kwa dola. Washkaji wakambatiza jina la Dollar. Basi likamganda, akawa Dollar Brand. Ukikuta santuri za zamani zenye jina hilo usichanganyikiwe, ni yeye yule.

Kwenye vitabu vya serikali ya Makaburu aliwekwa kundi la machotara. Kumbuka chama cha Makaburu kilichukua nchi mwaka 1948, na kuanzia hapo kila mtu alipangiwa rangi yake kwenye karatasi. Rangi hiyo ndiyo iliamua unakaa wapi, unasoma wapi, unaoa nani, na kama ni mwanamuziki, unampigia nani na unaingilia mlango gani.

JAZZ EPISTLES

Mwaka 1959 akaungana na vijana wengine wakali, wakaunda kundi la Jazz Epistles. Angalia orodha: Hugh Masekela tarumbeta, Jonas Gwangwa tromboni, Kippie Moeketsi saksafoni, Johnny Gertze besi, Makaya Ntshoko ngoma, na Dollar Brand kwenye piano. Ukiwa unajua soka, hii ni kama kukusanya timu ya taifa kabla taifa lenyewe halijajua kuwa lina timu.

Januari 1960 walirekodi albamu ya Jazz Epistle Verse 1. Ndiyo inayohesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya jazz kutolewa na bendi ya Waafrika weusi nchini humo. Nakala zilitengenezwa chache sana, kwa hiyo kwa miaka mingi albamu hii ilijulikana zaidi kwa kusimuliwa kuliko kwa kusikika.

Mambo yalikuwa yameanza kunoga, ikaja tarehe 21 Machi 1960. Pale Sharpeville polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wanapinga sheria ya vitambulisho vya kutembelea, wakaua watu 69. Serikali ikatangaza hali ya hatari, mwezi uliofuata vyama vya ANC na PAC vikapigwa marufuku. Mikusanyiko ikabanwa, na vilabu ambamo weusi na weupe walikaa pamoja kusikiliza muziki vikawa havina amani. Mwanamuziki bila watu wa kumsikiliza ni nani? Mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Masekela akaenda zake, Gwangwa naye. Mwaka 1962 Dollar Brand na mchumba wake Sathima wakapanda kuelekea Ulaya.

USIKU WA ZURICH

Walifikia Uswisi, mjini Zurich, akapata kazi ya kupiga kwenye klabu iliyoitwa Africana. Gertze na Ntshoko wakamfuata, wakawa watatu. Maisha ya kawaida tu ya msanii wa ughaibuni: baridi, sigara za wateja, na nyumbani ni mbali.

Mwaka 1963 Duke Ellington akapita Zurich kwa onyesho. Kwa ambao hawamjui, Ellington kwenye jazz ni mmoja wa wakubwa kabisa, mpiga piano, mtunzi, kiongozi wa bendi kwa miongo mingi. Sathima hakukaa akisubiri bahati. Alimfuata Ellington mwenyewe, akamsihi aje awasikilize. Inasimuliwa kuwa Ellington alifika klabu ikiwa inakaribia kufungwa, ikabidi wapige upya kwa ajili yake.

Mzee akawaita Paris. Mwezi Februari 1963 wakaingia studio, na hapo ikatoka albamu ya Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio. Baada ya hiyo, milango ya matamasha ya Ulaya ikafunguka. Mwaka 1965 wakaoana, wakahamia New York, na mwaka huo huo Dollar Brand akapiga kwenye tamasha la Newport, tamasha ambalo kila mpiga jazz analiota. Mwaka 1966 akapewa hata kazi ya kumshikia Ellington nafasi yake mbele ya bendi kwa maonyesho matano. Kijana wa Cape Town, kwenye kiti cha Duke!

Lakini wadau, hapa nisimamishe gari kidogo. Kule Paris Sathima naye alirekodi albamu yake, na humo ndani Ellington mwenyewe alikaa kwenye piano, Billy Strayhorn naye akapiga. Ya mume ilitoka. Ya mke haikutoka. Ilikaa zaidi ya miaka 30 bila kuonwa na mtu, mpaka miaka ya 1990 ndipo ikatolewa kwa jina la A Morning in Paris. Yaani aliyekwenda kugonga mlango ndiye aliyebaki nje. Tukisimulia ushindi wa Dollar Brand bila kutaja hilo, tutakuwa tumesimulia nusu. Sathima alifariki Cape Town Agosti 2013, akiwa na miaka 76. Mtafute na yeye, sauti yake inaimba kama mtu anayekunong'oneza.

KUSILIMU NA JINA JIPYA

Mwaka 1968 alirudi Cape Town, na huko akasilimu. Akachukua jina la Abdullah Ibrahim, na mwaka 1970 akaenda Makka kuhiji. Wanaomjua wanaeleza kuwa maisha yake yalibadilika: nidhamu, ibada, mazoezi ya kujihami ya Kijapani aliyoyafuata kwa miaka mingi.

Kwenye muziki pia utaona tofauti. Sikiliza African Piano, aliyoirekodi Copenhagen mwaka 1969 akiwa peke yake. Mkono wa kushoto unashikilia mdundo mmoja haubanduki, kama mtu anayetwanga. Mkono wa kulia ndio unaotembea. Na hasimami kati ya wimbo na wimbo. Anaunganisha zote moja kwa moja, hamsemeshi mtu, hakuna kutambulisha wimbo wala kuombwa makofi. Mpaka uzeeni aliendelea kupiga hivyo hivyo.

MANENBERG NI WAPI?

Sasa tunafika penyewe. Karibu na katikati ya Cape Town palikuwa na mtaa unaoitwa District Six. Mtaa wa watu mchanganyiko: machotara, Waafrika, Wahindi, Wayahudi, Waislamu, Wakristo, mafundi cherehani, wavuvi, wanamuziki. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ilitangaza kwamba kuanzia hapo District Six ni eneo la Wazungu peke yao. Miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 waliondolewa, nyumba zikavunjwa kwa matingatinga. Wakapelekwa kwenye tambarare zenye mchanga na upepo nje ya mji, kwenye mitaa iliyojengwa haraka haraka. Mmojawapo wa mitaa hiyo ni Manenberg.

Kwa hiyo Manenberg haikuwa anwani ya kujivunia. Ilikuwa anwani uliyopewa baada ya kunyang'anywa ya kwako. Kazi mbali, nauli juu, majirani usiowajua, vijana wakaanza kuingia kwenye magenge.

Mimi hii habari niliisoma mara ya kwanza kama historia tu. Miaka kadhaa baadaye nyumba ya mzee wangu hapa Dar ikachorwa X nyekundu, na za majirani zote za upande wetu. Sitaingia kwenye ubishi wa nani alikuwa na haki na nani alijenga pasiporuhusiwa, na wala sifananishi, maana kwetu hakuna aliyehamishwa kwa rangi. Ninachosema ni kwamba tulihamia mbali, na bibi yangu mpaka anafariki, akiulizwa anakaa wapi, anataja mtaa wa zamani. Hakuwa amesahau. Alikuwa hajakubali. Siku niliyomzika ndiyo nilirudi kusikiliza Mannenberg kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nikaisikia vingine.

JUNI 1974

Wimbo wenyewe ulirekodiwa Cape Town mwezi Juni 1974. Aliyetoa pesa na kusimamia ni Rashid Vally, mfanyabiashara wa santuri wa Johannesburg aliyekuwa na duka la Kohinoor. Lebo yake iliitwa As-Shams, yaani jua. Sisi wa Kiswahili neno shamsi tunalijua.

Studioni walikuwepo Basil Coetzee na Robbie Jansen kwenye saksafoni, Morris Goldberg naye saksafoni, Paul Michaels besi, na Monty Weber ngoma. Goldberg alikuwa Mzungu, hao wengine sio, kwa hiyo chumba chenyewe tu kilikuwa kinapingana na sheria za nchi. Piano haikuwa ile kubwa ya kifahari, ilikuwa ya kusimama ukutani, na inaelezwa kuwa nyundo zake zilichomekwa pini ili itoe mlio mkali wa bati, kama vinanda vya zamani vya vilabuni. Hawakuwa na karatasi za noti. Abdullah alianza kupiga, wenzake wakaingia, wakatunga wakiwa wanakwenda.

Matokeo yake ni wimbo wa zaidi ya dakika 13 unaochukua upande mzima wa santuri. Unaanza na piano, mzunguko mfupi wa marabi. Chini yake besi na ngoma zinatembea mwendo wa kawaida kabisa, mwendo wa mtu anayetoka dukani kurudi nyumbani. Halafu Basil Coetzee anaingia na saksafoni yake na hatoki upesi. Anaongea, anacheka, analalamika, anarudia, anapandisha sauti. Coetzee alikuwa mzaliwa wa District Six. Baada ya hapo watu walimwita Basil "Manenberg" Coetzee mpaka alipofariki mwaka 1998.

Na jina? Wakauita Mannenberg, na kwenye jaketi wakaongeza maneno ya kusema kwamba hapo ndipo mambo yalipo. Santuri waliandika n mbili, mtaa wenyewe una n moja, usipate shida. Fikiria maana yake. Serikali imekutupa mahali, halafu anatokea mtu anapaita kitovu cha dunia. Hakusema mtaa ni mzuri. Alisema watu waliopo pale ndio wenye mji.

KWA NINI ULIKUWA WIMBO WA MAPAMBANO

Watu huuliza, wimbo usio na mashairi unakuwaje wa siasa? Jibu ni hilo hilo. Mannenberg hauna beti wala kiitikio, ukiacha ukelele mfupi unaotaja mtaa. Mkaguzi wa serikali angeandika kosa gani kwenye fomu yake? Amekamata saksafoni ikilia?

Ukauzwa kwa maelfu. Vally alikuwa anaupiga kwa sauti kubwa dukani, wapita njia wanasimama. Ukaingia kwenye mabasi, kwenye harusi, kwenye vilabu. Baadaye, miaka ya 1980, vuguvugu la UDF lilipoanzishwa Cape Town mwaka 1983, Coetzee na Jansen walikuwa wanaupiga kwenye mikutano ya hadhara, na watu wakauita wimbo wa taifa usio rasmi. Ulipotoka Marekani ulibadilishwa jina ukaitwa Cape Town Fringe, lakini nyumbani hakuna aliyehangaika na jina hilo.

KUONDOKA MARA YA PILI

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Abdullah Ibrahim akashiriki kuandaa onyesho la kuchangia ANC wakati chama kimepigwa marufuku, kisha familia ikaondoka tena kwenda New York. Tsidi, yule Jean Grae wetu, alikuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo ukisikia rapa wa New York, ujue nyuma yake kuna watu waliokimbia nchi na mtoto mkononi.

Mwaka 1983 aliunda bendi ya watu saba, akaiita Ekaya. Kwa Kizulu na Kixhosa ekhaya ni nyumbani. Na sisi tunalo: kaya. Kila mjumbe wa nyumba kumi anajua kuhesabu kaya, na Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana makaya yao kwenye misitu. Mtu yuko maelfu ya maili kutoka kwao, bendi yake anaiita nyumbani.

Albamu yao iliyonigusa zaidi ni Water from an Ancient Well, iliyorekodiwa mwaka 1985. Wimbo wa kwanza unaitwa Mandela, wakati Mandela bado yuko gerezani na jina lake nchini kwake ni la kutajwa kwa tahadhari. Ndani yake kuna mwingine unaitwa Tuang Guru. Huyu alikuwa sheikh kutoka visiwa vya Indonesia, aliyeletwa Cape na Waholanzi kama mfungwa mwaka 1780. Alifungwa kisiwa cha Robben, na huko akaiandika Kurani kwa kumbukumbu ya kichwani. Kwa hiyo santuri moja imebeba wafungwa wawili wa kisiwa kimoja, wamepishana karibu miaka 200. Hakuna hotuba ndani yake, ni majina ya nyimbo tu na piano. Anayejua, anajua.

Filamu nazo zilimwita. Alitunga muziki wa Chocolat, filamu ya Claire Denis ya mwaka 1988 inayosimulia maisha ya Kamerun wakati wa ukoloni, na wa Tilaï, filamu ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso ya mwaka 1990.

KURUDI NYUMBANI

Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani. Ni tarehe ile ile District Six ilipotangazwa ya Wazungu, ila miaka 24 imepita. Abdullah Ibrahim akarudi kupiga nchini kwake. Tarehe 10 Mei 1994, Mandela alipoapishwa kuwa Rais mjini Pretoria, naye alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliopiga siku hiyo.

Hakukaa kula heshima tu. Mwaka 1999 alianzisha Cape Town chuo cha M7 cha kufundisha vijana muziki pamoja na mambo mengine ya maisha. Mwaka 2006 akasimamia kuanzishwa kwa Cape Town Jazz Orchestra, bendi kubwa ya watu 18. Mwaka 2009 serikali ya Afrika Kusini ikampa Nishani ya Ikhamanga, na mwaka 2019 Marekani ikamweka kwenye orodha ya magwiji wa jazz wanaotunukiwa na taasisi ya taifa ya sanaa.

Uzeeni aliishi zaidi Ujerumani, kwenye vijiji vya Bavaria. Oktoba 2020, dunia imefungwa kwa korona, alikaa kwenye ukumbi mtupu akiwa ametimiza miaka 86, akapiga peke yake bila msikilizaji hata mmoja. Ikawa albamu ya Solotude. Na Januari 2024 ikatoka albamu iitwayo 3, iliyorekodiwa London mwaka uliotangulia. Oktoba 2024 alitimiza miaka 90.

Wenzake wa Jazz Epistles wengi walimtangulia. Kippie Moeketsi alifariki mwaka 1983 bila kuuona uhuru. Hugh Masekela alifariki tarehe 23 Januari 2018. Jonas Gwangwa naye akafariki tarehe 23 Januari, mwaka 2021. Robbie Jansen wa Mannenberg aliondoka mwaka 2010.

NA MANENBERG YENYEWE?

Nisingependa kumaliza kama vile kila kitu kilikwenda sawa. Uhuru ulikuja, lakini Manenberg imeendelea kutajwa kwenye habari kwa umaskini na risasi za magenge, na sehemu kubwa ya kiwanja cha District Six ilibaki majani kwa miongo mingi huku waliofukuzwa wakisubiri kurudishiwa. Wimbo haukujenga nyumba hata moja.

Lakini mimi naona ulifanya kazi ambayo nyumba haiwezi. Waliotupwa pale waliambiwa hawana kwao. Wimbo ukawaambia mnako, na jina lake ni hili, na dunia nzima italitamka. Mtu anaweza kulifahamu jina la Manenberg akiwa kwenye intaneti kafe ya Dar na dakika moja imebaki. Mimi ni shahidi.

UANZIE WAPI KUMSIKILIZA

Kwa mgeni, napendekeza mpangilio huu:

1. Mannenberg (1974). Isikilize yote, usirukeruke. Kama dakika 13 ni nyingi, kumbuka watu wa kule walikuwa na muda mrefu zaidi wa kusubiri.
2. Water from an Ancient Well (1985). Bendi ya Ekaya ikiwa kwenye ubora wake.
3. African Piano (1969). Yeye na kinanda tu. Hii ni ya usiku, ukiwa peke yako.
4. Jazz Epistle Verse 1 (1960). Usikie wakali hao kabla hawajatawanyika.
5. A Morning in Paris, ya Sathima Bea Benjamin. Hii usiiache, kwa sababu nilizosema.

Ukishamaliza, rudi kwa Jean Grae usikilize mistari yake tena. Utanielewa.

Naomba kuwasilisha. Mwenye nyongeza, masahihisho au mwenye santuri za zamani za Dollar Brand nyumbani kwa babu yake, tukutane kwenye maoni hapo chini. Na kama mtaa wenu wa zamani haupo tena, uandike jina lake hapo hapo. Angalau libaki mahali.